Siku Nilipoinyamazisha Ngoma Shambani kwa Mama

Aibu ya siku ile bado ninayo, na ninyi mnaonijua chekeni tu mapema, maana mwanzo wake unachekesha kweli, ni mwisho ndio sijawahi kuucheka.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, malori ya wanunuzi binafsi yakawa yanapishana kijijini kwetu Kasoli kutafuta pamba, na bwana shamba tuliyemzoea hakuonekana tena. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa na kijitabu cha kilimo cha pamba (hakina jalada, nimekisoma mpaka kurasa zimelegea) na kilinishawishi kwamba mtu wa kuibadilisha Kasoli ni mimi. Kilisema pamba ipandwe kwa mistari, kwa kamba. Kwetu watu walipanda kwa macho. Nikatafuta kamba ya katani, nikaipima kwa rula ya shule na kuifunga mafundo, na fundo moja likikosea kidogo nafungua yote naanza upya. Ndivyo nilivyo.

Baba alishafariki, na mama alikuwa anaumwa nyonga, hawezi kuinama muda mrefu. Kwa hiyo shamba letu lilitegemea siku moja tu, siku ya kikundi. Vijana wa kwetu hulima pamoja, leo kwa huyu kesho kwa yule, ngoma ikiwaongoza, na mwenye shamba anawapikia. Zamu yako ikipita, ni mpaka mwakani.

Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, udongo laini. Mama alijikongoja tangu alfajiri akachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na kuitia karanga. Kikundi kikafika, Masanja kiongozi wao mbele.

"Mwangaluka, mayu!" wakamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, wanangu. Karibuni."

Na mimi, bila kumwuliza mtu, nilikuwa nimeshaitandaza kamba yangu shambani.

"Hii nini tena?" Masanja akasema. "Unataka kuanika nguo?"

Wakacheka. Nikaeleza kuhusu mafundo, kila fundo shimo moja.

"Sikia, ndugu yangu," akasema, "sisi tunakwenda na ngoma. Kamba lazima uing'oe, uisogeze, uikaze, na ngoma haisubiri."

Lakini walijaribu, lazima niseme ukweli, walijaribu mistari mitatu mizima, wakagongana migongo na wimbo ukawa unakatika kila mara, na mimi nakagua kila shimo kwa rula. Mstari wa nne Masanja akaitoa kamba taratibu, akaiweka pembeni, ngoma ikapamba moto na wakaondoka kama maji.

Mashimo yalipinda. Kila lililopinda nililisikia kifuani. Basi badala ya kukaa nikapumua, nikawafuata nyuma nafukia mashimo yao na kuchimba mengine (ndiyo, mbele za watu wote), mpaka msichana mmoja, Kabula, akageuka na kupiga kelele, "Jamani, huku nyuma kuna kuku anafukua mbegu!"

Shamba zima likaangua kicheko. Hapo nikamrukia mpigaji, nikampokonya ngoma, nikakimbia nayo huku nikifoka, "Hakuna ngoma mpaka kamba irudi!" Sikufika mbali. Mguu ulinasa kwenye kamba yangu mwenyewe, nikaangukia juu ya ngoma, ngozi ikapasuka na mkono ukazama ndani mpaka kwapani. Mafundo yangu yalikuwa imara kiasi kwamba ilibidi waikate kamba kwa panga ndipo nitoke.

Walicheka, mpaka mwenye ngoma alipoiinua na kuitazama. Ngozi ile aliiwamba marehemu babu yake mpigaji.

Mama akaja akichechemea, sufuria mikononi. "Masanja, mtozeni faini. Mbuzi yupo, mchukueni."

"Hapana, mayu," Masanja akajibu kwa upole. "Faini tunamtoza mwenzetu tu."

Wakabeba majembe yao. Michembe hawakuigusa.

Tulipanda wenyewe, mama akikaa chini na kujikokota fundo hadi fundo kwenye kipande cha kamba kilichobaki, na mvua ikakata hatujafika hata nusu. Pamba iliota kidogo, imedumaa, katika mistari ambayo hata rula isingeikosoa, na kila apitaye barabarani aliiona. Siku moja mama alisimama ukingoni akaangalia, akasema, "Imenyooka kweli, mwanangu." Hakuwa ananikejeli. Ndiyo maana nililia.

Mwaka uliofuata alikwenda mwenyewe kuwaomba, wakaja. Mimi aliniambia nikachote maji, nisiharakishe. Kisimani nilisikia ngoma, ngozi mpya, mlio si ule. Nikajaza ndoo, nikamwaga, nikajaza tena, mpaka ngoma iliponyamaza.

Siku hizi nikiwa na wazo na watu wakalikataa, moyo bado unachemka, sitawadanganya, ila naomba jembe kwanza nichimbe nao mashimo yao yaliyopinda, na ngoma ya watu sitaigusa tena maisha yangu yote.

Kipande kile cha kamba kipo bado nyumbani. Mama anaanikia nguo.