Warm-up ya miruko mia mbili, na siku kochi aliponiita simba

Pu! Pu! Pu! Mpaka leo nausikia ule mlio, raba kumi na mbili zikitua pamoja kwenye vumbi la Muyinga.

Wakuu, habari zenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, nikiongeza chumvi mnisute.

Naishi Nyarusange, huku Gitega, nakimbia kilomita kumi. Nimekulia Tanzania, tumerudi juzijuzi tu, kwa hiyo Kirundi changu ni cha kuungaunga.

Mama alishasema: "Mwaka huu usipochaguliwa, raba unaweka, tunalima." Na wanaochaguliwa kwenda kambi ya taifa ni wawili wa kwanza kwenye mbio za Muyinga. Basi.

Sasa, tukiwa njiani kwenda Muyinga, kochi akafungua video ya mtaalamu. Kumbe kuruka kabla ya mbio kunaamsha miguu! Safi kabisa.

Tatizo, bando likakata kabla mtaalamu hajasema turuke mara ngapi.

Kochi wetu si mtu wa kushindwa na bando. "Donc, basi, tutaruka mia mbili."

Mia mbili, wakuu! Halafu ndiyo kilomita kumi!

Tukaanza, wasichana sita. Wenyeji wa Muyinga wamekaa kivulini wanakula ndizi. Mmoja akauliza, "Nyie wa Gitega, mmekuja kukimbia ao mmeleta ngoma?" (Wapiga ngoma wa kwetu huruka kweli, sikumlaumu.)

Kwenye ishirini hivi nikasimama kufunga kamba ya raba. Kochi akaninyooshea kidole.

"We! Simba!"

Jamani. Kuitwa simba mbele ya watu! Nikajiweka sawa, mikono kiunoni, kifua mbele.

"Simba! Simba, nakuambia!"

Nikainama kwa heshima. "Asante, Kochi."

Akashika kichwa, akawageukia wengine. Nikabaki nimesimama pale, nawaonea huruma wenzangu ambao hawakuitwa hata swala.

Mbio zikaanza. Kilima cha kwanza tu, miguu ya wenzangu ikawa uji. Mimi nikapanda kama natumwa chumvi. Nikamaliza wa pili!

Jeanine, mwenzetu ambaye siku zote ananiacha mbali, alikuja wa tisa. Nikamkuta chini, anajikanda mapaja.

"Sisi tumesimba mia mbili, we unaambiwa simba, unatoa meno!" akasema. "Simba ni ruka, shahu, rafiki yangu! Ni Kirundi!"

Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikaona machozi yake si ya kucheka.

Kochi akaja mbio, ananionyesha kwa watu: "Mmeona? Kuruka kumemleta wa pili!"

Na mimi niliyeruka ishirini tu nikawapungia watu mkono. Hapo nilikosea, nakiri mbele yenu.

Ile video nimeshaimalizia kwa bando langu. Ni miruko michache, unapumzika kidogo, ndiyo unakimbia. Nilichojifunza: kitu kizuri nacho kina kipimo. Na lugha ya nyumbani jifunzeni, ingawa mimi kutoijua kumenipeleka kambini.

Wenye uzoefu, nipeni maneno. Kochi mwenye roho nzuri hivi unamwambiaje bila kumvunja moyo?

Maana kesho yake nilifika uwanjani kwetu wa kwanza, nikakuta ameandika ukutani kwa chaki, herufi kubwa: MIRUKO 200.

Nikatazama huku na huku. Nikalamba kidole, nikafuta sifuri moja.