Fimbo ya Pool Ndani ya Mfuko Mweusi

Leo nimelala chini ya meza ya pool mbele ya vijana wa Garissa. Chekeni kwanza, kisha nitawaeleza.

Mnanijua. Fimbo yangu ni ile nzito ya pale ukutani. Naipaka chaki kila nikitaka kupiga, na siibebi begani hata kidogo. Begani hapana!

Sasa mjukuu wangu Abdi kajinunulia fimbo yake, nyembamba, pamoja na mfuko mweusi wa kuitia.

Mimi nimeinama, naulenga mpira wa mwisho. Nikainua macho. Mlangoni kasimama mtu, jua liko nyuma yake, na kitu kirefu cheusi kinachungulia begani.

Wallahi, sikufikiri.

"Laleni chini!" nikapiga kelele. Nikalala mimi peke yangu.

Kumbe ni Abdi na mfuko wake wa fimbo! Kibanda kizima kikacheka.

Ninyi wa rika langu mnaelewa. Wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini, askari wa serikali walipita na malori yao, na kitu chochote kirefu begani walikihesabu bunduki. Binamu yangu Hassan alikuwa amebeba mti wa hema tu. Walimpiga risasi, hakufika nyumbani.

Lakini vijana watajuaje? Nikabaki pale chini, naona aibu kutoka.

Mara Abdi akaingia chini ya meza na shati lake jeupe, akalala kando yangu.

"Awowe," akaniita, yaani babu, "tunangoja nini?"

"Lori la askari lipite."

Akachungulia mlangoni.

"Limepita, Awowe."

Tukatoka. Nikautumbukiza ule mpira wangu wa mwisho.

Haya, semeni ukweli: nani mwingine hapa bado anangoja lori?