Saa za Jeshi za Baba

Nikisikia harufu ya mafuta ya saa, humkumbuka Baba. Baba alikusanya saa za mfukoni za askari wa zamani wa Wabelgiji. Alizinunua kwa wazee wa kijiji cha Alimbongo zikiwa zimekufa, akazifufua.

Mchana mmoja wanajeshi waliingia kwetu Bulengera, wakazikuta chini ya kitanda.

«Hizi ni za basoda, za askari. Uliua nani?»

«Hapana, chef,» Baba akamwambia mkubwa wao. «Ninazikusanyaka tu.»

Mkubwa akanigeukia. «Weye mutoto, papa yako iko soda?»

Nilijua liko jibu litakalomuua, ila sikujua ni lipi.

«Hapana. Papa anatengenezaka saa.»

«Bon, vizuri. Atatengeneza za kwetu.»

Wakaondoka naye. Barabarani aligeuka, akanitabasamia, ili nisiogope.