Pamba Puani

Mtaa mzima ulimwita Bonge, naye aliitika bila kinyongo, maana angemkasirikia nani akamwacha nani? Alikuwa fundi wa majiko ya gesi, tena fundi mwenye mbwembwe zake. Akishafunga mpira kwenye mtungi na kufungua gesi, aliamuru kila aliyekuwa jikoni anyamaze, akafumba macho, akavuta pumzi. Mafundi wengine hupaka povu la sabuni kwenye maungio, wakatazama kama litatutumka. Bonge hakuhangaika na povu. Alinusa tu, akasema "Safi," au akasema "Hapa panavuja," na hakuwahi kukosea. Wateja walimsifu kwa hilo, naye, tuseme ukweli, alijisikia.

Lakini pua hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimponza. Alikuwa na ngiri iliyomtoka tumboni kama ngumi, na daktari alikataa kumpasua mpaka apungue.

"Kwa unene huu sikugusi," alimwambia bila kupepesa macho. "Na ukichelewa, utumbo utajinyonga humo ndani. Hapo tutakimbizana."

Bonge alirudi nyumbani ametepeta. Hakuwa mlafi kama watu walivyomsema. Chakula kilichopoa angeweza kukaa nacho meza moja kutwa nzima wala wasijuane. Kilichommaliza ni harufu. Kitunguu kikigusa mafuta ya moto nyumba ya jirani, miguu yake ilishaanza safari kabla mwenyewe hajaamua lolote.

"Mbona sigara uliacha?" mkewe alimsimanga. "Jizuie tu, baba. Kuna ugumu gani?"

Angejua! Siku moja Bonge alikwenda kutengeneza jiko la mteja, na sufuria ya nyama ikaepuliwa ili apate kulikagua. Mama mwenye nyumba akatoka kidogo kumfungulia mgeni. Aliporudi alimkuta fundi wake ana pande la nyama mdomoni, mchuzi unamchuruzika kidevuni. Yule mama alichukua kifuniko, akaifunika sufuria, na Bonge akaona heri angetukanwa.

Kesho yake alichovya pamba kwenye dawa ya mafua, ile inayowasha, akaisokomeza puani, ndani kabisa isionekane. Loh! Alipita mbele ya wakaanga viazi kama mtu anayepita mbele ya duka la misumari. Kwa wateja aliitoa kwa siri mlangoni, akanusa kazi yake, akatoka na kuirudisha. Mkanda ukaanza kutobolewa matundu mapya. Mkewe akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu mwanamume ni nani tena humu ndani? Nitasemwa na majirani!"

Bonge naye alicheka, ila siri hakuitoa. Mtu mzima na heshima zake kuziba pua kama anayevuka jalala? Alitaka waamini kwamba amejizuia, kama wanavyojizuia wao. Hata daktari alimpima, akaridhika, akamwambia aje mwezi ujao apasuliwe.

Siku hiyohiyo, furaha imempanda kichwani, alipitia kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa na mpira mpya wa gesi uliomsubiri yeye aje aufunge. Kwa mteja Bonge angesimama mlangoni na kuikumbuka pamba. Lakini kwa dada yake hapakuwa na mlango wa kubisha hodi. Aliingia akipiga kelele, akasimulia habari za daktari, akajishika kiuno ili dada aone kilivyopungua. Mpira aliufunga huku wakitaniana.

"Haya, nyamaza sasa nikunusie," alisema.

Dada akanyamaza. Bonge akafumba macho, akavuta pumzi.

"Safi!" akasema, akaaga.

Alikuwa karibu kufika kwake ndipo dawa ilipomwasha puani, akasimama katikati ya barabara, akaichomoa pamba. Alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akageuka akakimbia, yeye ambaye hakuwa amekimbia tangu ujana, kaishikilia ngiri kwa mkono. Uani kwa dada alikuta majirani wamejaa, na dada ameshapelekwa hospitali.

Wodini alimkuta amefungwa bandeji mikono yote, uso umevimba, nywele za mbele zimeungua. Muuguzi alisema atapona, ila mikono itachukua muda. Mke wa Bonge alikuwa ameshafika na chupa ya supu, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Ni mimi, wifi, nilisahau kufunga koki," dada alikuwa akimwambia kwa sauti iliyokwaruza. "Harufu niliisikia, nikaipuuza. Pua ya huyu haikosei."

Mke akafungua chupa. Mvuke wa supu ukapanda, na pua ya Bonge ilikuwa wazi. Mate yakamjaa mdomoni. Mbele ya mikono ile aliyoiunguza yeye, mate! Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia binadamu yeyote.

"Dada," alisema, "nilikuwa nimeziba pua. Kwa pamba. Naziba kila siku ili nisile. Pale jikoni sikusikia harufu yoyote, nikasema safi."

Mkewe akaacha kumimina. Dada alimtazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefumbwa na uvimbe.

"Ukaona aibu hata kwangu?" aliuliza.

Mkewe alimkabidhi bakuli bila kumwangalia, akatoka nje. Dada hakuweza kushika kijiko, na njaa ilikuwa inamuuma, kwa hiyo alifungua mdomo. Bonge akamlisha, kijiko baada ya kijiko, huku akimeza mate, na kila alipomeza, dada aliliona koo lake likipanda na kushuka.