Noelene na Toleo la Nne

Noelene Purtell alikuwa na bahari mbili. Moja ilikuwa chini ya barabara yao pale Burnie, mji wa bandari, ya kijivu miezi tisa kwa mwaka, na lundo la vipande vya mbao likingoja meli gatini. Nyingine ilikuwa mezani kwake kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na hiyo haikuwa na maji.

Miaka ishirini na sita alikuwa msimulizi wa mchezo uitwao Chumvi na Nyota. Wachezaji huketi, kila mmoja akiwa baharia wa kubuni. Msimulizi huwaambia wanachokiona, wao husema wanafanya nini, na dadu ya pande ishirini huamua kama wamefaulu au wameangamia. Wiki nzima Noelene alipanga barua posta. Jumamosi akawa upepo, akawa maharamia, akawa malkia mwenye meno ya chaza. Sasa alikuwa amestaafu, mjane wa miaka sitini na sita, na wachezaji wake walikuwa wawili tu: Garth Wescombe, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Ridgley, aliyekuwapo tangu siku ya kwanza, na Tamsin, mwalimu wa kuogelea, aliyeingia akiwa mwanafunzi wa chuo na hakutoka tena.

Mwezi wa tano toleo la nne la mchezo likatoka. Mitandaoni palichafuka. Wengine walisema mchezo umepata roho mpya, wengine walisema umezikwa bila sanda. Garth alinung'unika kwamba mabaharia waita-upepo wamenyang'anywa nguvu zao. Tamsin alikinunua kitabu cha kanuni mpya siku ile ile.

"Ramani wameitupa yote, Noelene! Bahari unaisimulia tu, inajitengeneza yenyewe. Utaipenda, naapa."

"Kitabu hicho hakivuki kizingiti changu."

"Hata hujakisoma!"

"Maziwa yaliyochacha sihitaji kuyaonja ndipo nijue. Muulize Garth."

Garth alicheka, lakini alimtazama Noelene. Huyu hakuwa mtu wa kuogopa mapya. Yeye ndiye aliyewahamishia toleo la tatu, wakati Garth akilia kama ndama aliyeachishwa ziwa. Sasa amelishikilia hilo hilo kama kupe. Tamsin akilitaja jipya, yeye huyo, anainuka kwenda kuteleka birika.

Sababu hawakuijua. Toleo la tatu Noelene alikuwa nalo kichwani, kurasa mia tatu na ushei, neno kwa neno, pamoja na majedwali ya dhoruba na ya njaa. Alilifungua mezani kwa desturi tu. Tangu mwaka uliopita doa lilikuwa limeota katikati ya macho yake, kwanza kama moshi wa njiti ya kiberiti, kisha likatanda. Daktari wa Launceston alimwambia halitarudi nyuma. Pembeni bado aliona: ukingo wa mlango, shakwe akipita dirishani, masikio ya mtu. Lakini pale hasa alipoelekeza macho palikuwa na ukungu, na herufi zilizama humo, na nyuso pia.

Ukungu wenyewe haukumtisha. Alasiri nyingine alikaa dirishani akauacha uchanganyike na ule wa baharini, hata asijue upi ni upi, na humo meli zake zikaja. Aliona kamba zake, mafundo yake, kutu kwenye misumari. Alichokibuni alikiona chote, mpaka katikati. Alichoogopa ni watu kujua. Wangempokonya kiti chake kwa upole, na upole huo asingeuweza.

Jumamosi ya tano tangu kitabu kitoke, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tamsin alikuja na kitabu, akakiweka mapajani mwa Noelene.

"Ukurasa wa kwanza tu. Utusomee kwa sauti, kisha ukitaka tukakitupe gatini, mimi mwenyewe nitakubebea."

Noelene alikifungua. Kilinukia wino. Akainamisha kichwa, akaanza kwa sauti yake ile ya Jumamosi: "Kabla ya nchi kavu palikuwa na chumvi, na chumvi ikaota ndoto ya mashua..." Akaenda hivyo mistari sita, bila kukwama.

Garth aliinama kuutazama ukurasa.

"Noelene," Garth akasema taratibu, "hapo pana picha ya nyangumi. Hapana neno hata moja."

Mkono wa Noelene ulipapasa ukurasa. Kweli, ulikuwa laini, karatasi ya picha.

"Mzuri, huyo nyangumi?"

"Mnene kama mimi."

Noelene akacheka. Basi akawaambia yote, doa, daktari, majedwali ya kichwani. Tamsin alilia waziwazi. Garth alikasirika.

"Mwaka mzima! Nakuonyesha picha za ndama wangu, unasema 'ah, mzuri huyu'!"

"Walikuwa na masikio mazuri."

"Mwanamke wewe!"

"Basi tafuteni msimulizi mwingine," Noelene akasema. "Mwenye macho."

"Kwani mimi nimekuja hapa miaka yote hii kutazama macho yako? Acha upuuzi. Tamsin, lete hicho kitabu. Sura ya kwanza."

Jumamosi tatu walimsomea, kwa zamu, kati ya chai na vichapati vya jamu. Tamsin alisoma kama maji yatiririkayo. Garth alisoma kama mtu avukaye tope na mabuti. Noelene alisikiliza akiwa amefumba macho. Kuna mahali alipiga meza.

"Baharia hazami mpaka dadu ya tatu? Bahari gani inampa mtu nafasi tatu? Futa! Sasa nimekisikia kitabu chenu, naweza kukichukia kwa haki."

Lakini sura ya bahari isiyo na ramani aliomba irudiwe, na iliporudiwa aliisikiliza mdomo wazi kidogo.

Mwishoni mwa mwezi wa saba wakaanza safari mpya. Mbele yake hapakuwa na kitabu.

"Hakuna pwani," alisema. "Maji ni meupe, na mbingu ni nyeupe. Jahazi linakwenda lakini hamsikii tanga. Garth, uko juu ya mlingoti. Chini yako kuna kitu kikubwa kinachopumua."

Nje barabara ilikuwa na jua, hakuna aliyeitazama.

"Naruka nishike kamba."

Dadu ikabiringika, ikatulia.

"Kumi na tisa!"

"Garth."

"Naam."

"Isome tena. Pumzi yako si ya kumi na tisa."

Tamsin alijiziba mdomo. Garth alikohoa.

"Nne," akasema.

"Kamba imekuponyoka," Noelene akamwambia, kwa upole kabisa. "Unaanguka, polepole, kama unyoya. Maji yanafunguka."

"Ya baridi?"

"Sana," akasema, naye aliyaona yote, hadi chini. "Tamsin, wewe unafanya nini?"