Mchinja Kuku wa Mtaa

Mtaani kwetu, pale Nyololo, mwanamke hachinji kuku kama kuna mwanamume karibu. Mwanamume huyo wa karibu nilikuwa mimi. Tangu nimalize darasa la saba niliitwa kila nyumba iliyopata mgeni, na kila nyumba nilikwenda, ingawa damu naiogopa mpaka leo. Nilikuwa nafumba macho na kumwomba Mungu akiongoze kisu. Ikafika mahali kuku wakiniona tu wanatawanyika.

Mwaka jana seremala mmoja wa Mbalizi alikubali kunifundisha kazi. Alinipangia siku ya kuanza. Nisipofika, nafasi anampa mwingine. Dereva wa lori la mbao akasema atanibeba bure, ila nikisikia honi nitoke, maana yeye hasubiri mtu.

Asubuhi hiyo nilivaa shati langu jeupe, nikashika begi. Honi ikalia barabarani. Kufungua mlango, nakutana na mama jirani, kuku kwapani, kisu mkononi.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu. "Mkwe wangu anakuja leo. Dakika moja tu."

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupokea kisu. Nikautia mfukoni.

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Sichinji."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sitaki tu. Naogopa damu."

Alinitazama kwanza, halafu akacheka mpaka kuku naye akaanza kupiga kelele.

"Kwani mimi siogopi? Hata wanaume wa mtaa huu wanaogopa! Tunakuita wewe kwa sababu hukatai."

Na mimi miaka yote hiyo nilidhani naitwa kwa kuwa ni hodari.

Honi ikalia tena, ndefu.

"Basi nishikie miguu tu," akasema. "Nitakata mwenyewe, huku natazama pembeni."

"Hapana, mama."

Hiyo ya pili ilitoka yenyewe, laini kabisa, hata mimi nilishangaa.

"Haya, nenda baba, utaachwa."

Nikakimbia. Dereva alikuwa ameshaanza kuondoka, nikadandia juu ya mbao na shati langu jeupe vilevile. Nyuma nikasikia sauti ya mama jirani ikivuka barabara:

"Mwalimu! Kamwene, mwalimu! Njoo mara moja!"

Sikugeuka. Mwalimu wetu ni mpole kuliko mimi, na ningeuona uso wake ningeshuka.