Nyundo Kwenye Jiwe la Mvua

Juzi niliona ramani iliyogawa milima katika makundi kwa rangi, kufuatana na jinsi kila kundi lilivyozaliwa ardhini. Kilima chetu cha Iramba kilipakwa waridi. Nikaisikia tena ile nyundo.

Nilipokuwa mtoto, mtaalamu wa miamba alikuja kwetu akamwambia bibi, "Shikamoo. Nataka kutazama tu." Bibi akatupeleka kwenye jiwe la kuombea mvua, ambako hakuna anayekanyaga na viatu. Mgeni akavua vyake. Jiwe lilinukia jua na mavi ya pimbi. Alipotoa nyundo mkobani na kuligonga, nilidhani anawabishia hodi mababu. Kumbe alikuwa anavunja kipande. Akakitia mfukoni.

"Kitatuambia ukoo wa mlima wenu," alisema.

Njiani kurudi ndipo bibi aliponiambia, "Viatu alivua, mjukuu wangu. Nyundo aliificha."